Kanumba The Great Film

Kanumba The Great Film ni kampuni ya utayarishaji wa filamu ya jijini Dar es Salaam, Tanzania. Ilianzishwa na mwigizaji Steven Charles Kanumba (8 Januari 1984 – 7 Aprili 2012), ambaye ndani yake alikuwa mwigizaji mkuu, mtunzi wa hadithi na mtayarishaji. Ni moja kati ya kampuni zilizoundwa na waigizaji wenyewe wakati filamu za Kitanzania, maarufu kama Bongo Movie, zilipouzwa kwa diski. Kampuni nyingine za aina hiyo ni RJ ya Vincent Kigosi (Ray) na Blandina Chagula (Johari), Jerusalem ya Jacob Steven (JB), na Wajey ya Juma Kilowoko (Sajuki) na mkewe Wastara.

Chimbuko

Kanumba alizaliwa Shinyanga akasomea huko kabla ya kuhamia Dar es Salaam. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alijiunga na Kaole Sanaa Group, kikundi kilichoigiza michezo ya kuigiza katika televisheni ya ITV, na watazamaji wakaanza kumfahamu kupitia michezo kama *Jahazi* na *Dira*. Kaole ilikuwa kama chuo: waigizaji wengi waliotawala filamu za miaka iliyofuata, akiwemo Ray na Johari, walipitia huko.

Kutoka kwenye televisheni aliingia kwenye filamu za kampuni za watu wengine. *Dar to Lagos* (2006), aliyoigiza na Mercy Johnson, na *She Is My Sister* (2007), aliyoigiza na Nkiru Sylvanus, zilimkutanisha na waigizaji wa Nigeria. Wakati huo mwigizaji wa Tanzania alilipwa ujira wake mara moja, basi. Filamu ikiuzwa nakala mia au laki, kwake ilikuwa sawa. Kuwa na kampuni kulikuwa njia ya kuvuka kutoka upande wa anayelipwa kwenda upande wa mwenye mali.

Kazi

Filamu zinazokumbukwa zaidi ni zile za mwaka 2010 hadi 2012, kama *Young Billionaire*, *This Is It*, *Uncle JJ*, *Deception*, *The Shock*, *Big Daddy* na *Moses*. *This Is It* na *Uncle JJ* ziliwapa watoto nafasi kubwa ambayo hawakuwa wameizoea katika filamu za nchini. Wahusika Jennifer na Patrick walipendwa kiasi kwamba watoto walioigiza walibaki na majina hayo midomoni mwa watu. Katika *Devil Kingdom* (2011) Kanumba aliigiza na Ramsey Nouah wa Nigeria.

Karibu filamu zote zina majina ya Kiingereza, lakini mazungumzo ni Kiswahili. Sababu ilikuwa ya kibiashara: diski ilitakiwa ionekane ya kimataifa, na manukuu ya Kiingereza yaliwekwa chini ya picha kwa ajili ya wanunuzi wa nje. Manukuu ya filamu za wakati ule, kwa jumla, yana makosa ambayo mwalimu yeyote wa kidato cha pili angeyapiga mstari mwekundu. Kanumba mwenyewe alichekwa kwa Kiingereza chake alipoalikwa kwenye nyumba ya Big Brother Africa mwaka 2009. Ni ajabu kidogo, maana kilichompa watazamaji hakikuwa majina yale bali Kiswahili chake, ambacho mtu wa Lamu, Bukavu au Bujumbura alikielewa bila kusoma manukuu.

Namna filamu zilivyouzwa

Filamu hizi hazikuanzia kwenye majumba ya sinema. Zilipigwa kwa kamera za video, mara nyingi kwa siku chache na katika nyumba za kuazima, kisha zikagawanywa sehemu ya kwanza na ya pili ili ziuzwe kama diski mbili. Mtayarishaji alipeleka nakala mama kwa msambazaji wa Dar es Salaam, na msambazaji akatoa nakala na kuzisafirisha mikoani. Katika mji kama Musoma, diski iliweza kununuliwa na mtu mmoja ikatazamwa na mtaa mzima. Katika kata za kando ya ziwa kama Mwigobero, wapo ambao hawakuwahi kuinunua kabisa. Walilipia kiingilio kwenye banda la video, ambako ilishindana na filamu za nje zilizotafsiriwa kwa sauti ya msimulizi. Kwa mtazamaji wa banda, au wa nakala bandia, mtayarishaji hakupata kitu.

Kwa hiyo watayarishaji wengi walipendelea kuuza haki za filamu moja kwa moja kwa msambazaji kwa bei ya mkupuo. Fedha ilipatikana mapema na hasara ya nakala bandia ikabaki kwa mnunuzi. Lakini Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda kazi ya sauti na picha kwa miaka 50. Aliyenunua haki zote za filamu ya mwaka 2011 anaweza kuendelea kuvuna hadi mwaka 2061, na warithi wa aliyeuza hawana la kudai. Hapo ndipo palikuwa na udhaifu wa kampuni za waigizaji: zilimiliki jina, na mara nyingi hazikumiliki filamu.

Baada ya 2012

Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza tarehe 7 Aprili 2012, akiwa na umri wa miaka 28. Maelfu ya watu walimuaga katika viwanja vya Leaders, na akazikwa katika makaburi ya Kinondoni tarehe 10 Aprili. Filamu alizokuwa amekwisha kupiga, zikiwemo *Ndoa Yangu* na *Love & Power*, zilitoka baada ya kifo chake.

Mama yake, Flora Mtegoa, na mdogo wake, Seth Bosco, walijaribu kuiendeleza kampuni. Haikurudia kasi yake. Mwanzilishi ndiye aliyekuwa sura iliyobandikwa kwenye kasha la diski, na hapakuwa na mwigizaji mwingine aliyeandaliwa kuishika nafasi hiyo. Soko lenyewe pia lilibadilika: mwaka 2013 serikali ilianza kutaka stempu za kodi kwenye kazi za filamu na muziki, na baadaye watazamaji walihamia kwenye televisheni za kulipia, kama chaneli ya Sinema Zetu ya Azam, na kwenye intaneti. Filamu za Kanumba bado zinatazamwa huko, nyingi zikiwa zimepandishwa na watu wasio na uhusiano wowote na kampuni.