Chuma cha Kwale na Askari Warejeao: Habari za Kale na Shauri la Leo



Ni desturi njema kwamba kitabu cha taarifa ya mwaka kisiwe cha hesabu za fedha peke yake, bali kiwe na nafasi ya habari za kale, tupate kukumbuka tulikotoka. Mwaka huu twapenda kusimulia habari za chuma katika nchi yetu ya Kwale, na habari za askari waliorudi vitani wakitafuta kazi ya mikono. Tumeichagua habari hii kwa sababu wako vijana wetu waliomaliza muda wao jeshini, na wengine walioachishwa kazi mgodini, nao huwajia wazee na swali moja: kiinua mgongo hiki tukitie wapi, na kama ni kujifunza uhunzi na kuchomelea vyuma, tuchague chuo gani?

Kwanza ijulikane kwamba chuma si kitu kigeni kwetu. Katika miaka ya 1960 mtaalamu wa mambo ya kale, Robert Soper, alichimbua karibu na Kwale vigae vya vyungu vya watu waliolima na kutumia chuma yapata karne ya tatu baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Tangu hapo vyungu vya namna hiyo, hata vikionekana Tanzania, wataalamu huviita kwa jina la Kwale. Tena huko Galu, kusini ya Diani, yamepatikana mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Naye al-Idrisi, katika kitabu alichokimaliza mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi na Mombasa walichimba chuma, na kwamba biashara ya chuma iliwaletea faida kubwa.

Kwa hiyo mhunzi alikuwa mtu wa heshima. Kwa mivukuto, fuawe, koleo na nyundo alitoa jembe la mkulima, kotama ya mgema na misumari ya jahazi. Lakini chuma cha Ulaya kilipoanza kuja kwa meli, tayari na kwa bei nafuu, matanuri ya kuyeyushia yalizimika. Mhunzi akabaki kufua vipande vya chuma kilichotengenezwa na wengine.

Kisha zikaja vita. Katika vita vya 1914 hata 1918 mapigano yalifika mlangoni petu, maana Jasini, palipopiganwa Januari 1915, ni karibu sana na Vanga. Watu wengi wa Kenya walichukuliwa kuwa wapagazi, na jina la Kariakoo latukumbusha habari zao hata leo. Vita vilipokwisha, serikali ya siku zile ilifanya mpango wa mwaka 1919 wa kuwapa mashamba askari wa Kizungu. Mpagazi Mwafrika hakupewa shamba wala hakufundishwa kazi. Chuo cha serikali cha kuwafundisha Waafrika ufundi kilianzishwa mwaka 1924, nacho kikawa Kabete, karibu na Nairobi.

Katika Vita Kuu vya Pili, Waafrika wapatao 98,000 wa Kenya waliingia jeshini. Askari wa Keya walipigana Uhabeshi, wakaenda Bukini mwaka 1942, na Burma mwaka 1944. Si wote walioshika bunduki. Jeshi lenye magari mengi lahitaji madereva, makanika na mafundi wa chuma, na kwa njia hiyo wengi walijifunza kazi ambazo wasingalijifunza nyumbani. Kabete nako kulifundishwa mafundi wa jeshi, na baada ya vita chuo kikawapokea askari walioachishwa. Mwaka 1948 kikaitwa chuo cha ufundi na kazi za mikono, na leo ndicho Kabete National Polytechnic.

Hapa twaomba wazee wapime jambo hili. Askari wa Msambweni aliyetaka kwenda Kabete ilimpasa avuke Likoni, apande gari la moshi Mombasa, asafiri karibu kilomita 500, akakae katika baridi asiyoizoea, na hali ametoka kuwaacha jamaa zake miaka mingi. Zaidi ya hayo nafasi zilikuwa chache, na waliorudi walikuwa maelfu. Basi katika Kenya nzima wengi walitia fedha zao katika maduka madogo na magari ya kuchukua mizigo, na biashara nyingi za namna hiyo zilikufa. Fedha ziliisha, na ufundi uliopatikana jeshini ukapotea kwa kukosa karakhana ya kuutumia.

Pwani ilipata chuo chake baadaye. Taasisi ya Elimu ya Waislamu ya Mombasa iliasisiwa mwaka 1948 kwa msaada wa Sultani wa Zanzibar, Aga Khan, jamaa ya Mabohora na serikali ya Uingereza, ikaanza kufundisha mwaka 1951. Ilikuwa neema kubwa, lakini vita vilikuwa vimekwisha miaka sita nyuma. Mwaka 1966 ilifanywa Mombasa Technical Institute, na tangu mwaka 2013 ndiyo Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Kwa askari wa 1945 udongo ulikwisha kukauka.

Jambo hili halikuwafika askari peke yao. Kiwanda cha sukari cha Ramisi kilipofungwa mwaka 1988, mafundi wa mitambo walirudi makwao na ujuzi wao. Mgodi wa Base Titanium ulimaliza kuchimba Desemba 2024, na vijana wengine wakaachishwa. Mara zote hali ni moja: mtu ana ujuzi mikononi na fedha za mkupuo mfukoni, na miezi michache ya kuamua. Akichagua vibaya, nafasi ya namna hiyo si rahisi kurudi.

Kwa sababu hiyo twaonelea kijana asichague chuo kwa uzuri wa majengo wala kwa tangazo, bali aende mwenyewe siku ya kazi akaulize mambo manne.

La kwanza, je, kila mwanafunzi hushika mashini kwa mkono wake? Panapokuwa na mashini moja kwa watu thelathini, wengi hutazama tu, na kuchomelea hakujifunzwi kwa macho. Aulize pia nani anunuaye vyuma na rodi za mazoezi.

La pili, je, chuo hufundisha moto wa mhunzi pamoja na kuchomelea? Kazi hizi mbili ni ndugu. Chuma cha springi ya gari ni kigumu. Kikichomelewa kisha kikapoa ghafula, huweza kupasuka penye kiungo. Mhunzi akijua chuma kwa rangi yake motoni, ajua lini akitose majini kipate ugumu, na lini akirudishe katika moto mdogo kisivunjike kama kioo. Fundi asiyejua hayo ataunga geti zuri, lakini jembe na nanga vitamshinda.

La tatu, je, huwalinda wanafunzi? Mwanga wa umeme wa kuchomelea huunguza macho hata kwa dakika chache, na moshi wa mabati yaliyopakwa zinki huleta homa. Chuo kisicho na vinyago vya kutosha kisikaribiwe.

La nne, je, mwisho wake ni cheti gani? Mtihani wa ufundi husimamiwa na NITA, nao una daraja tatu, kuanzia ya tatu kupanda hata ya kwanza. Aliyejifunza kazini aweza kujaribiwa ujuzi wake. Basi aliyekuwa fundi jeshini aulize kwanza kama yampasa kuanza upya, asije akalipia miaka miwili kwa jambo alijualo.

Tena asimalize fedha zote kwa ada. Aweke sehemu ya kununulia mashini, nyundo na fuawe, maana fundi asiye na vyombo huishia kuwa kibarua wa mwenye navyo.

Wazee husema, mchagua jembe si mkulima. Neno hilo ni la kweli kwa mvivu atafutaye udhuru, lakini halimzuii mtu kuchagua atakapofundishwa kulifua. Twawaomba wanachama wenye karakhana, tangu Ukunda hata Lunga Lunga, wakubali kuwapokea vijana hawa kwa mazoezi, na wazee wawasindikize kukitazama chuo kabla fedha hazijalipwa. Wale wa mwaka 1945 hawakupata wa kuwashauri. Hawa wa leo wanatuuliza sisi, na haifai tuwajibu kwa kunyamaza.