Namna kisima cha mafuta cha bahari kuu kinavyopimwa

Hakuna awezaye kukitazama kwa macho kisima cha mafuta kilichochimbwa katika bahari kuu. Wahandisi hukifahamu hasa kwa vipimo vya shinikizo na joto, vinavyoletwa juu kutoka maelfu ya mita chini ya sakafu ya bahari.

Wakati wa uchimbaji, vipima vilivyo karibu na keekee hutuma habari kwa midundo inayosafiri ndani ya tope la kuchimbia. Kisima kikianza kutoa mafuta, hutiwa kipima cha kudumu chenye fuwele ya kwatsi, jiwe lilo hilo linaloendesha saa za mkononi. Fuwele hiyo hutetema, na shinikizo likibadilika, mtetemo nao hubadilika. Waya uliofungwa ubavuni mwa bomba hupeleka habari juu. Kadhalika kuna nyaya za faiba, ambazo husoma joto katika urefu wote wa bomba.

Hata hivyo, kipimo hakijisomi. Mnamo Aprili 20, 2010, wafanyakazi wa mtambo wa Deepwater Horizon, katika Ghuba ya Mexico, walikuwa wakihakikisha iwapo saruji imekiziba kisima cha Macondo. Bomba moja lilionyesha shinikizo la pauni 1,400 kwa kila inchi ya mraba, jingine sifuri, ilhali yote mawili yaliingia kisima kimoja. Wakaikubali sababu isiyo na mashiko, wakaendelea na kazi. Usiku huo gesi ilipanda, ikalipuka na kuua watu 11.

Kisima kilipofungwa kwa kifuniko kipya Julai 15, baada ya siku 87, shinikizo lilikuwa chini ya lilivyotarajiwa. Ikiwa mafuta yalikuwa yakipenya miambani, ingebidi kifuniko kifunguliwe na bahari ichafuliwe tena. Hicho kilikuwa kisima cha utafutaji, hakikuwa na kipima cha kudumu chini. Tegemeo lilikuwa vipimo vya kwenye kifuniko. Paul Hsieh, mtaalamu wa maji ya ardhini katika shirika la jiolojia la serikali ya Marekani, alikesha akivichambua kwa kompyuta. Hesabu zake zilionyesha kuwa huenda hapakuwa na uvujaji wowote: shinikizo lilishuka kwa kuwa mafuta mengi yalikwisha kutoka. Kifuniko kikaachwa kimefungwa, na Septemba mwaka huo kisima kikazibwa kabisa.