Utamadunisho: Maana ya Neno na Matumizi Yake

Neno utamadunisho limetokana na utamaduni. Katika mafundisho ya Kanisa lina pande mbili: tunu halisi za tamaduni kugeuzwa kwa ndani zinapopokelewa katika Ukristo, na Ukristo kuota mizizi katika tamaduni mbalimbali. Ndivyo Mtakatifu Yohane Paulo II alivyolieleza katika waraka wake Redemptoris Missio wa mwaka 1990.

Mara nyingi tunalitumia neno hili kwa maana finyu: ngoma, vigelegele na vitenge wakati wa Misa. Hayo ni mema, lakini ni sehemu tu. Kutamadunisha ni kuupima utamaduni, na swali la kwanza ni mizani tunayoitumia. Tukizipima mila za wazee wetu kwa desturi za Ulaya, tumelinganisha utamaduni na utamaduni, wala hatujaifikia Injili. Tukiitetea kila mila kwa kuwa ni yetu, kosa ni lile lile. Tayari mwaka 1659, Roma iliwaagiza wamisionari waliotumwa Asia wasiwashawishi watu kuacha desturi zao, isipokuwa zile zinazopingana wazi na imani na maadili mema. Walitumwa kupeleka imani, si nchi zao.

Wosia wa kitume Ecclesia in Africa wa mwaka 1995 unatupatia vigezo viwili: kupatana na ujumbe wa Kikristo, na ushirika na Kanisa zima. Mfano ni Misale ya Kiroma kwa majimbo ya Zaire, iliyoidhinishwa mwaka 1988. Humo waamini huungana na watakatifu na pia wahenga wenye moyo mnyofu. Heshima kwa wahenga ilipimwa, ikapokewa.

Vigezo hivyo vitufuate hata msibani. Kukesha na wafiwa, kuwapikia na kuwachangia ni upendo wa jirani, tuudumishe. Kumlazimisha mjane arithiwe na shemeji yake kunamnyima hiari ambayo ndoa ya Kikristo haiwezi kuwapo bila hiyo. Mila hiyo haipokewi, hata kama tuliirithi kwa mababu. Tukinyamaza mbele ya machozi ya mjane huyo kwa kisingizio cha kuheshimu utamaduni, tutakuwa tumelitaja neno utamadunisho bila kulielewa.