Pokémon GO

Pokémon GO ni mchezo wa simu unaochezwa nje, ambao huweka viumbe vya kubuni juu ya mandhari halisi inayoonekana kwenye kamera. Ulitolewa Julai 2016 na Niantic, kampuni ya San Francisco, Marekani. Vituo vyake vingi, yaani maeneo halisi ambayo wachezaji huyafikia, vilirithiwa kutoka Ingress, mchezo wa 2012 wa kampuni hiyohiyo, ambao wachezaji wake walipendekeza sanamu, michoro ya ukutani na maktaba za mitaa yao. Yai la kiumbe huanguliwa kwa kutembea: mwanzoni zilihitajika kilomita 2, 5 au 10.

Ushirikiano wa wachezaji ulichelewa kuingia. Mapambano ya pamoja yalikuja Juni 2017, na kubadilishana viumbe Juni 2018. Katika kubadilishana huko ndipo ubunifu wake bora ulipo: kwa kanuni ya awali, wanaobadilishana walipaswa kuwa ndani ya mita 100, hivyo wachezaji walilazimika kutafutana, kusalimiana na kupatana bei ya kiumbe kwa kiumbe. Kamera, iliyoupa mchezo umaarufu, inaweza kuzimwa na mchezo ukaendelea. Kwa kuwa mchezo huchezwa kwa kutembea, barabara ndiyo hatari kubwa. Mtoto mdogo asiucheze bila mtu mzima kando yake.