Safu ya Lugha: Kimelea na Mwandani
Yanisikitisha kuona bakteria wote waishio ndani ya mimea wakiitwa vimelea, ilhali neno hilo latokana na kumelea, yaani kumea juu ya kingine na kukinyonya, kama mdoezi aviziaye chungu cha jirani. Katika milima ya Colorado, Marekani, penye baridi kali na udongo wenye naitrojeni haba, wataalamu wamekuta ndani ya majani ya msonobari, yaliyo membamba mfano wa sindano, bakteria walioonyesha dalili za kuitwaa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti uliowapa makazi. Kuwaita hao vimelea ni kuwadhulumu. Kwao nalipendelea neno mwandani, lililozaliwa na ndani, ambalo maana yake ni sahibu wa moyoni aaminiwaye kwa siri, wala si rafiki wa barazani tu.