KONGOSHO, SEHEMU YA 4: Vimeng'enya vilivyopewa kazi isiyo yao

Tuendelee tulipoishia. Sehemu ya 3 niliandika kuhusu manjano, na kwa nini saratani ya kongosho hugundulika ikiwa imeshachelewa. Tangu hapo maswali ni mengi, ila moja limerudi kuliko yote: "Sista, kuna vidonge vya vimeng'enya vinazungushwa WhatsApp, wanasema vinayeyusha saratani ya kongosho. Ni kweli?" Wengine mnaviita enzaimu, ni kitu kilekile.

Ningeweza kujibu "hapana" nikaenda zangu kulala. Shida ni kwamba hapana tupu ingewadhuru baadhi yenu, maana vimeng'enya hivyohivyo vina kazi ya kweli kabisa kwa mgonjwa wa kongosho, na daktari anaweza kumwandikia. Kazi ni tofauti tu na ile ya kwenye tangazo. Jinsi kazi hizo mbili zilivyochanganywa ni hadithi ya zaidi ya miaka 100, na ndani yake kuna watu waliokufa mapema kuliko walivyopaswa. Vuta kiti.

Tuanze Ufaransa. Katikati ya karne ya 19 Claude Bernard, mtaalamu wa kazi za mwili, alionyesha kwamba maji yanayotoka kwenye kongosho ndiyo yanayovunja mafuta ya chakula tunachokula. Kabla yake watu walidhani kazi yote inafanywa na tumbo. Miaka ya 1870 Mjerumani Wilhelm Kühne akakitaja kimeng'enya kimoja cha kongosho kwa jina tunalolitumia hadi leo, tripsini, kinachovunja protini. Hadi hapo hakuna anayezungumzia saratani. Ni habari za usagaji wa chakula tu.

Sasa anaingia John Beard. Huyu hakuwa daktari wa wagonjwa, alikuwa mwalimu Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akichunguza viinitete, hasa vya samaki. Aliona kitu ambacho kwa kweli kinavutia: chembe zinazotengeneza kondo la nyuma hujipenyeza kwenye ukuta wa mji wa mimba kama saratani inavyojipenyeza, halafu baada ya muda zinaacha. Akajiuliza nini kinazizuia. Akaona kwamba zinaacha karibu na wakati kongosho la mtoto tumboni linapoanza kazi. Basi, akasema, tripsini ndiyo breki. Na kama tripsini inazuia kondo, itazuia na saratani.

Mwaka 1906 alikuwa ameshapendekeza hadharani kwamba saratani itibiwe kwa tripsini, na mwaka 1911 akatoa kitabu kizima kuhusu tiba hiyo. Baadhi ya madaktari wa enzi hizo wakaanza kuchoma sindano za tripsini. Matokeo hayakuonekana, wazo likafifia, na Beard akafariki mwaka 1924 bila kuaminiwa. Mimi simcheki. Swali lake lilikuwa zuri. Kosa ni kwamba mambo mawili yakitokea kwa wakati mmoja haimaanishi moja limesababisha jingine. Jogoo anawika na jua linachomoza, lakini ukimchinja jogoo bado kutakucha.

Tunaruka hadi Marekani, miaka ya 1960. Daktari wa meno wa Texas, William Kelley, alijitangaza kwamba amejiponya saratani ya kongosho kwa vimeng'enya na chakula maalumu. Ugonjwa wenyewe haukuwahi kuthibitishwa kwa kipimo cha nyama, na hapo ndipo mtu wa hospitali anapoanza kukuna kichwa. Mwaka 1969 akatoa kitabu. Mwaka 1980 mwigizaji Steve McQueen, aliyekuwa na saratani ya utando wa mapafu, alifuata tiba ya Kelley huko Mexico, na Novemba mwaka huohuo akafariki. Ungetegemea habari iishie hapo, lakini haikuisha, jina la Kelley likazidi kujulikana.

Mwaka 1981 mwanafunzi wa udaktari, Nicholas Gonzalez, alianza kupitia mafaili ya wagonjwa wa Kelley. Akashawishika. Baadaye akafungua kliniki yake New York. Mpango wake ulikuwa hivi: vidonge vya vimeng'enya vya kongosho la nguruwe kwa wingi kila siku, virutubisho vingi juu yake, chakula cha kupangiwa, na enema ya kahawa mara mbili kwa siku, yaani kahawa inaingizwa kwa njia ya haja kubwa kwa nia ya "kusafisha sumu". Mwaka 1999 alichapisha ripoti ya wagonjwa 11 wa saratani ya kongosho: 9 walifikisha mwaka mmoja, 5 miaka miwili. Kwa ugonjwa huu, namba hizo zilishtua watu.

Hebu tulia hapa kidogo, maana hapa ndipo wengi tunanaswa. Watu 11 waliokwenda wenyewe kwa daktari, wenye nguvu ya kusafiri, kumeza vidonge mchana kutwa na kufuata ratiba kali, si sawa na watu 11 wanaolazwa wodini hawawezi hata kunywa uji. Wa kwanza wangeishi muda mrefu zaidi hata ungewapa maji ya bomba. Huwezi kujua dawa imefanya nini mpaka uwalinganishe na wenzao wanaofanana nao.

Na hapa nawapa sifa wakubwa wa taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani. Hawakumdharau Gonzalez. Walitoa fedha, utafiti ukafanyika chini ya Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Mwanzoni walitaka kugawa wagonjwa kwa bahati nasibu, nani apate vimeng'enya na nani apate kemo. Wagonjwa wakagoma, kila mmoja alikuwa na chaguo lake tayari. Wewe ungekubali kurushiwa shilingi na uhai wako? Basi wakaruhusiwa kuchagua. Wagonjwa 32 wakachagua vimeng'enya, 23 wakachagua kemo.

Matokeo yalichapishwa kwenye jarida mwaka 2010. Waliotumia vimeng'enya, nusu yao walikuwa wamefariki ilipofika miezi 4.3. Waliotumia kemo, nusu yao walifika miezi 14. Baada ya mwaka mmoja walikuwa hai asilimia 16 upande wa vimeng'enya na asilimia 56 upande wa kemo. Gonzalez aliyapinga matokeo hayo, akasema wagonjwa wengi wa upande wake hawakufuata masharti, na aliendelea kuyapinga hadi alipofariki mwaka 2015. Ni kweli pia kwamba bila bahati nasibu utafiti unakuwa na walakini. Lakini pengo la karibu miezi 10 kwenye ugonjwa wa kongosho si dogo, jamani.

Kuna kitu kingine kwenye utafiti huo ambacho kwangu mimi muuguzi ndicho kikubwa. Walipima pia hali ya maisha: maumivu, kula, uchovu. Watu huwa wananiambia, "Sista, kemo inatesa, afadhali mitishamba afe kwa amani." Sasa upande wa kemo ndio waliokuwa na hali bora ya maisha. Ile tiba "ya asili, laini" ndiyo iliyowaacha na mateso zaidi.

Ukifikiria, si ajabu. Dawa ya kemo iliyokuwa inatumika zaidi wakati huo, gemsitabini, ilipitishwa Marekani mwaka 1996 kwa sababu hasa ya kupunguza mateso. Kwenye utafiti wa wagonjwa 126 walipima maumivu, uzito, na kama mtu anaweza kujihudumia. Karibu asilimia 24 walipata nafuu ya wazi, dhidi ya asilimia 5 kwa dawa ya zamani. Urefu wa maisha uliongezeka kidogo tu, kama wiki tano. Kwa hiyo hata kemo yenyewe, kwenye kongosho lililokwishaathirika sana, mara nyingi kazi yake ni kumpa mtu siku anazoweza kukaa barazani na wajukuu. Wengi hawaambiwi hivi. Wanaambiwa "kemo" wanasikia "kupona", na wakija kujua ukweli wanahisi wametapeliwa, na mtu aliyetapeliwa hospitalini ndiye anayemsikiliza muuza vidonge wa WhatsApp.

Sisi huku tumeshapitia ya kwetu. Nadhani mnakumbuka mwaka 2011, kikombe cha Babu kule Samunge, Loliondo, shilingi 500. Foleni za magari kilomita kwa kilomita, wagonjwa mahututi njiani, na waliokuwa wameacha dawa zao. Sitaki kuwatukana waliokwenda. Mtu ambaye hospitali imemwambia "rudi nyumbani" bila dawa ya maumivu, bila namba ya kupiga, atakwenda popote penye tumaini.

Ndo maana habari ya pili ya mwaka uleule wa 2010 naipenda sana. Boston, Marekani, walichukua wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa. Nusu wakapata matibabu ya kawaida, nusu wakapata matibabu hayohayo pamoja na tiba shufaa tangu mwanzo: mtu wa kushughulikia maumivu, hamu ya kula, hofu, mazungumzo na familia. Wale wa tiba shufaa walikuwa na hali bora, hawakusumbuliwa sana na matibabu mazito mwishoni, na waliishi muda mrefu zaidi, miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Ni mapafu, si kongosho, kwa hiyo usihamishe namba hizo. Lakini angalia tofauti: hapa nyongeza ilikwenda PAMOJA na matibabu. Kwa Gonzalez ilikwenda BADALA yake.

Na jirani zetu Uganda hawakusubiri utafiti wa Boston. Daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mwaka 1993, akatumia mofini ya maji, ya bei nafuu, mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Mwaka 2004 sheria ya Uganda ikawaruhusu wauguzi waliopata mafunzo maalumu kuandika mofini. Wauguzi! Nikifika hapo huwa najisikia vizuri sana, mnisamehe.

Haya, turudi kwenye vidonge vyenyewe, maana niliahidi kazi yao ya kweli. Uvimbe ukiziba mrija wa kongosho, au kongosho likikatwa kwa upasuaji, yale maji aliyoyaeleza Bernard hayafiki kwenye utumbo. Mgonjwa anakula, chakula kinapita. Choo kinakuwa na mafuta, kinanuka sana, kinaelea na hakiondoki kwa maji. Tumbo linajaa gesi, anakonda huku sahani inarudi tupu. Familia inasema "saratani inamla", kumbe sehemu ya kukonda huko ni njaa. Ukiona dalili hizo mwambie daktari kwa maneno hayohayo, bila aibu. Choo ni taarifa.

Vimeng'enya hivyo humezwa na chakula, kuanzia tonge la kwanza, na kama mlo ni mrefu vingine katikati. Ukivimeza tumbo tupu umevipoteza. Visitafunwe, maana vidonge vingi vimepakwa kitu cha kuvilinda na asidi ya tumbo. Kipimo ni cha daktari. Havifiki kwenye uvimbe wala havigusi saratani. Kazi yake inaishia kwenye utumbo, kwenye sahani yako ya ugali.

Na kitu ambacho hospitalini tunakisahau: vinatokana na nguruwe. Mgonjwa Mwislamu ana haki ya kujua kabla hajameza, aongee na sheikh wake, aamue mwenyewe. Usimfiche "kwa faida yake". Akija kugundua, hataamini hata panado yako.

Kwa wauguzi wenzangu mnaosoma: ukikuta chupa imefichwa chini ya mto, usigombe. Uliza ni nini, anakunywa lini, nani kampa, na je, dawa za hospitali bado anameza. Swali la mwisho ndilo unalolitafuta. Kisha andika kwenye faili.

Sehemu ya 5 nitaandika kuhusu maumivu ya mgongo ya kongosho, na ile sindano ya alkoholi kwenye mishipa ya fahamu. Maswali ya vidonge wekeni hapa chini, nitajibu nikitoka zamu ya usiku.