Ugali Mweusi na Ugali Mweupe

Ukipita Chepseon, msomaji, katika barabara itokayo Kericho kwenda Nakuru, ingia katika hoteli yoyote saa ya chakula cha mchana uagize ugali. Utaletewa mweupe pasipo kuulizwa. Ukitaka ule mweusi wa wimbi, ambao Wakipsigis huuita kimnyet, huna budi kuutaja, na walio mezani watakuwa na lao la kunena. Kijana atacheka kwamba wimbi ni uji wa watoto na wagonjwa. Mzee atamjibu kwamba ugali mweupe haukai tumboni. Kisha atatokea wa tatu, aghalabu mtu aliyerudi kutoka Nairobi, aseme kwamba mahindi ni chakula cha kigeni na kwamba wazee wetu tuliwaacha kwa upumbavu.

Huyu wa tatu ana nusu ya ukweli. Wimbi ni mwenyeji wa nyanda za juu za Afrika ya Mashariki tangu maelfu ya miaka, na huku ndiko ulikotoka hata ukafika India. Mahindi asili yake ni bara la Amerika. Yalishuka pwani yetu zama za Wareno, wala hayakutawala milima hii mpaka karne ya 20.

Lakini yalitawala kwa njia gani? Baada ya vita vilivyokwisha mwaka 1918, serikali ya kikoloni iliwagawia askari wa Kiingereza ardhi ya Wakipsigis wapande kitani. Bei ya kitani ikaanguka, na katika miaka ya 1920 makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yakaingia na chai. Mchuma chai alipewa posho, na posho ilikuwa unga wa mahindi, uliopatikana kwa wingi na kwa bei nafuu. Basi mahindi yaliingia nyumbani kwa mlango wa mshahara.

Tena kulikuwa na ndege. Suke la wimbi li wazi, na mtu asipoamia shamba, ndege hula mbele yake. Kazi hiyo ilikuwa ya watoto, waliokaa duguni tangu alfajiri wakirusha mawe na kupiga kelele. Hindi limevikwa maganda, hujilinda lenyewe. Shule zilipofunguliwa, watoto walishuka duguni wakaenda darasani. Hivyo wewe, usomaye kitabu hiki, ni mmoja wa sababu za ugali mweupe! Mwaka 1964 zikaja mbegu chotara kutoka Kitale, na shauri likawa limekwisha.

Mimi nami nilikuwa upande wa mweupe. Nilipokuwa katika shule ya bweni, nyanya yangu alinijia siku ya wageni na kimnyet kilichofungwa kwa kitambaa, na mursik katika kibuyu. Wenzangu walikuwa na mikate na soda. Nikamwambia, "Kogo, nimekwisha kula." Hakunikaripia. Alikaa kitambo, akaniuliza habari za masomo, akarudi na kibuyu kikiwa kimejaa.

Siku hizi mambo yamepinduka. Mwaka 2011 ugonjwa mpya wa mahindi uligunduliwa Bomet, ukakausha mashamba, na wengi wakaona hatari ya kutegemea zao moja. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa uliutangaza kuwa mwaka wa mtama, wimbi na jamii zake. Unga ule nilioonea haya sasa huuzwa mjini kwa bei kuliko wa mahindi, na wenye fedha huusifu kwa madini yake ya kujenga mifupa. Wanasema kweli. Ila katika sifa hizo sijasikia mtu akiuliza nani atapalilia.

Niliwauliza wanafunzi wangu chuoni ni wangapi wangependa wimbi urudi mezani. Mikono mingi ikainuka. Nikauliza nani angeulima. Ikabaki mitatu, na mmoja nadhani alikuwa akijinyosha.

Nyanya angali na kipande chake cha wimbi nyuma ya nyumba. Likizo iliyopita niliinama naye kupalilia. Kuna gugu lifananalo na wimbi kama pacha, na asubuhi nzima niling'oa wimbi nikaliacha gugu. Alipogeuka akaona mstari wangu, alicheka hata akakaa chini.